Mtoto wa Nyoka si Nyoka: Kumsomesha Mtoto Ambaye Mzazi Wake Yuko Gerezani



Leo tunawatazama watoto ambao tunakaa nao darasani, tunaimba nao kwaya, tunacheza nao mpira baada ya Misa, na mara nyingi hatujui lolote juu ya mzigo wao kwa sababu wenyewe wanauficha. Ni watoto ambao baba au mama yuko gerezani. Swali letu ni moja tu: tukitaka kuwasaidia wasome, tuwasaidieje bila kuwaumiza mara ya pili?

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome Ezekieli 18:1-4 na 19-20, kisha Barua kwa Filemoni yote (usiogope, ni sura moja tu), halafu Mathayo 25:31-46. Soma polepole. Sisi tutakusubiri hapa.

1. METHALI MBILI

Wazee wetu walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Hii methali ni kweli tupu. Baba akikamatwa, jela anaingia yeye, lakini hukumu inaingia nyumbani. Kama alikuwa analima tumbaku, msimu ule unapotea. Kama kulikuwa na ng'ombe, wanauzwa ili kesi iendeshwe. Mama akibaki peke yake anahangaika na vibarua. Na kama aliyefungwa ni mama, mara nyingi watoto wanagawanywa: huyu kwa bibi Urambo, yule kwa mama mdogo Nzega, mwingine kwa jirani. Shule inakatika, na hakuna aliyekaa chini akaamua mtoto aache shule. Inakatika kidogo kidogo: viatu vimechanika, daftari limeisha, siku mbili hakwenda, wiki nzima hakwenda, mwisho anaona aibu kurudi.

Lakini tuna methali nyingine: mtoto wa nyoka ni nyoka. Hii watu wanaitumia kama hukumu. Pesa ikipotea darasani, macho yanamgeukia mtoto ambaye baba yake alifungwa kwa wizi. Akigombana na mwenzake, mtu anasema, "Si unajua kwao?" Mtoto hajaiba, hajapiga mtu, lakini anaishi kama mtuhumiwa. Na mtoto akiambiwa kila siku kwamba yeye ni nyoka, jamani, siku moja anaweza kuamini.

Sasa angalia Ezekieli. Watu wa Mungu walikuwa uhamishoni Babeli, na wao walikuwa na methali yao: baba wamekula zabibu chachu, watoto ndio wanaopata ganzi ya meno. Mungu anamwambia nabii kwamba methali hiyo isitumike tena katika Israeli. Fikiria! Mungu anaingilia kati kwa sababu ya methali. Kila nafsi ni mali yake, ya baba na ya mwana pia, na mwana hatabeba uovu wa baba.

Elewa vizuri hapo. Ezekieli hasemi kwamba watoto hawaumii kwa makosa ya wazazi. Wanaumia, na methali yetu ya kwanza inabaki kweli. Anachokataa ni kwamba hatia inarithiwa kama shamba. Kwa hiyo kazi yetu kama Wakristo ina sehemu mbili: methali ya kwanza tuipunguze makali, na ya pili tuifute kabisa midomoni mwetu. Anayemlipia mtoto madaftari huku anamwita "mtoto wa mfungwa" amefanya nusu ya kazi na kuharibu nusu nyingine.

2. KIPALAPALA: MAHALI PALIPOLEA WATOTO WA WATU

Sisi tulio Tabora tunaijua Kipalapala, nje kidogo ya mji, kwa Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo na kwa kiwanda cha uchapaji cha TMP ambacho vitabu vyake vya dini vimefika parokia nyingi za nchi hii. Lakini Kipalapala ina habari ya zamani zaidi, na inahusu watoto.

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na hapa ikagawanyika: wengine walikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilipita hapa. Watu pia walipita hapa wakiwa wamefungwa minyororo, na kati yao watoto.

Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika walioanzishwa na Kardinali Lavigerie, walifika Tabora kwa mara ya kwanza mwaka 1878. Katika miaka ya 1880 walikuwa na kituo Kipalapala, na ndani yake makao ya watoto, wengi wao wakiwa wamekombolewa kutoka utumwani. Walilishwa, wakafundishwa kusoma, kufanya kazi na kusali.

Nani alilipa? Sehemu kubwa ililipwa na watu ambao hawakuwahi kuiona Tabora. Wewe uliyekulia parokiani unawajua watoto wa Utoto Mtakatifu. Shirika hilo lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, na mpango wake ulikuwa mwepesi ajabu: kila mtoto atoe sarafu moja kwa mwezi na sala fupi kila siku, kwa ajili ya mtoto mwenzake wa mbali. Askofu yule alikuwa amepata ushauri wa Pauline Jaricot, mwanamke mlei wa Lyon aliyekwisha kuwafundisha watu kutoa senti moja kwa juma kwa ajili ya misioni. Pauline ametangazwa Mwenyeheri tarehe 22 Mei 2022. Michango midogo ya namna hiyo ilisaidia misioni nyingi za Afrika kulea watoto. Na ona jinsi mambo yanavyozunguka: Kardinali Protase Rugambwa, Askofu Mkuu wetu wa Tabora, ndiye aliyekuwa Rais wa Mashirika ya Kipapa ya Kimisionari kuanzia 2012 hadi 2017, na Utoto Mtakatifu ni moja ya mashirika hayo.

Kama unataka kuona senti hizo zilizaa nini, msome Adrian Atiman. Alitekwa akiwa mdogo karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo, akauzwa, akavushwa jangwa. Mapadre Weupe walimkomboa Algeria, kisha wakamsomesha udaktari katika kisiwa cha Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alikuja kwa msafara kutoka pwani hadi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa daktari na katekista. Alitibu watu huko zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtoto wake mmoja akawa padre. Mtoto aliyewahi kuuzwa sokoni akawa mtu wa kuokoa maisha ya wengine. Hapo ndipo ada ya mtoto mmoja inapoweza kufika.

3. TUSICHUKUE KILA KITU KUTOKA ZAMANI

Lakini tuwe wakweli. Makao ya namna ile yalikuwa na kasoro yake. Kwanza, mtoto akinunuliwa ili awe huru, muuzaji naye anaondoka na pesa. Pili, na hili ndilo linalotuhusu leo, mtoto aliyekombolewa alikuwa amekatika na kwao. Wazazi wake hawakujulikana walipo, au walikuwa wamekufa, au walikuwa umbali wa miezi ya kutembea. Misioni ikawa baba, mama, ukoo na kijiji. Kwa mtoto wa msafara pengine hapakuwa na njia nyingine.

Kwa mtoto wa mfungwa njia nyingine ipo, kwa sababu mzazi yupo. Jina lake linajulikana, na gereza alilomo linajulikana. Pengine ni Uyui hapa hapa Tabora. Siku moja atatoka. Kwa hiyo anayemsomesha mtoto huyu hachukui nafasi ya mzazi. Anaishika nafasi ile isipotee mpaka mwenyewe arudi. Hili ndilo ninaloomba ulibebe kutoka kwenye somo hili, hata ukisahau mengine yote: msomeshe mtoto, lakini usimfute mzazi.

Ndiyo maana Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, una ibara nzima, ya 30, juu ya watoto ambao mama zao wamefungwa. Ibara hiyo inataka adhabu isiyo ya kifungo ifikiriwe kwanza kwa mama mjamzito na mama wa mtoto mdogo, na inasema lengo kuu la gereza liwe kumrekebisha mama na kumrudisha kwenye familia. Sasa atarudi kwenye familia ipi, kama sisi wasamaria wema tumekwisha kumfundisha mtoto kwamba mama yake si mtu?

4. BARUA YA BABA ALIYE KIFUNGONI

Turudi kwa Filemoni. Seminari ya Kipalapala inaitwa kwa jina la Mtakatifu Paulo, na Paulo alikuwa mfungwa. Barua hii aliiandika akiwa kifungoni. Anamwandikia rafiki yake Filemoni kuhusu Onesimo, mtumwa wa Filemoni, ambaye walikuwa wameachana vibaya. Katika aya ya 10 Paulo anamwita Onesimo mwanawe, aliyemzaa akiwa katika minyororo.

Umeona? Hii ni barua ya baba aliye kifungoni akimwombea mwanawe aliye nje.

Angalia Paulo anafanya nini. Hajifichi kwamba amefungwa; anataja minyororo yake zaidi ya mara moja. Hasemi, "Mimi mfungwa sina cha kusema juu ya mtoto huyu." Anaongea kama baba. Halafu katika aya ya 18 na 19 anafanya jambo zito: anasema kama Onesimo amekosa au anadaiwa kitu, deni hilo liandikwe juu ya Paulo, naye atalipa. Anaandika kwa mkono wake mwenyewe, kama mtu anayeweka sahihi kwenye mkataba.

Hapo tunajifunza mambo mawili. La kwanza: mzazi aliye gerezani bado ni mzazi, na sauti yake juu ya mwanawe ina uzito. La pili: kumdhamini mtu ni kukubali kuandikwa kwenye deni lisilo lako. Mtoto huyu anadaiwa sare, anadaiwa mchango wa chakula, anadaiwa viatu. Mkristo anasema: niandikie mimi.

Na juu ya Paulo tunamwona Bwana mwenyewe. Yesu alikufa kama mtu aliyehukumiwa, katikati ya wahalifu wawili. Akiwa msalabani, katika Yohane 19:26-27, alimkabidhi Mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, na tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua kwake. Aliyehukumiwa kifo alikuwa akipanga nani ataitunza familia yake, na rafiki yake alikubali. Wafungwa wengi leo wanawaza jambo hilo hilo usiku: nani yuko na wangu? Tunaweza kuwa jibu.

5. HASA HASA MTOTO ANAHITAJI NINI?

Wengine wanasema, "Si elimu ni bure siku hizi?" Ni kweli tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, na mwaka wa fedha 2022/23 utaratibu huo ukafika kidato cha tano na sita. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini uliza mwanafunzi yeyote. Bado kuna sare, viatu, sweta, begi, madaftari, kalamu, mchango wa chakula cha mchana, nauli kama shule iko mbali, na vitu vyote vilivyoorodheshwa kwenye fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza. Godoro. Ndoo. Sanduku. Mtoto wa kike anahitaji pedi kila mwezi, na akikosa anakaa nyumbani siku kadhaa.

Habari njema ni kwamba haya yako ndani ya uwezo wetu. Chukua mfano: Jumuiya Ndogo Ndogo yenye kaya 15, kila kaya ikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, inapata shilingi 30,000. Kwa mwaka ni 360,000. Hiyo inaweza kumweka mtoto mmoja wa shule ya kutwa darasani bila aibu. Hapo hatujamsubiri mzungu wala mfanyabiashara mkubwa. Ni ile ile hesabu ya watoto wa mwaka 1843, sarafu moja na sala moja, ila safari hii mtoa na mpokeaji wanaishi mtaa mmoja.

Ila soma Luka 14:28 kabla hujaahidi. Anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza ahesabu gharama. Kidato cha kwanza mpaka cha nne ni miaka minne. Ukimshika mtoto mkono kidato cha kwanza, ukamwachia kidato cha pili kwa sababu hamasa imeisha, umemfundisha tena kwamba watu wazima wanaondoka. Huyo mtoto somo hilo analijua tayari. Bora uahidi madaftari tu kwa miaka minne kuliko kuahidi kila kitu kwa miezi sita.

6. NAMNA YA KUSAIDIA BILA KUUMIZA

a) Anza na mlezi, na ikiwezekana na mzazi. Bibi au mama mdogo anayekaa na mtoto ndiye anayejua. Mwendee kwa heshima: "Shikamoo bibi, tumekuja kukusikiliza." Usiingie na orodha yako. Kama kuna katekista au padre anayehudumia gereza, muombeni amfikishie mzazi habari, kwa kufuata utaratibu wa gereza: Jumuiya inaomba kumsaidia mwanao shule, wewe unasemaje? Kama kuna ugomvi wa nani akae na mtoto, au mtoto ananyanyaswa, hilo si la vijana kulitatua kimyakimya. Mpelekeeni paroko na afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo kwa ajili hiyo.

b) Zawadi ipite kwa jina la mzazi. Huko Marekani, katika jimbo la Alabama, mwanamke aitwaye Mary Kay Beard aliwahi kufungwa, na akiwa ndani aliona akina mama wenzake wakikusanya vipande vya sabuni na dawa ya meno walizopewa msaada, wakavifunga vizuri, ili Krismasi wawape watoto wao. Alipotoka, mwaka 1982, alianzisha mpango uitwao Angel Tree: watu wa makanisani wananunua zawadi, lakini mtoto anaipokea kama zawadi kutoka kwa mzazi wake aliye gerezani. Jirani zetu wa Uganda wana shirika la Kikristo la Wells of Hope, ambalo linasomesha watoto wa wafungwa na pia linawapeleka magerezani wakawaone wazazi wao. Wote wawili wameelewa jambo moja: mtoto anahitaji daftari, na anahitaji kujua kwamba baba au mama hajamsahau. Hata sisi tunaweza. Ripoti ya shule ikitoka, mtoto akitaka, nakala ipelekwe kwa mzazi. Baba akiona mwanawe amepata B ya Kiswahili, ana sababu ya kutoka salama.

c) Hakuna picha. Narudia, hakuna picha. Najua tunapenda kupiga picha tukikabidhi msaada, tabasamu hapa, boksi la madaftari pale, halafu tunaweka kwenye status na kwenye kundi la parokia. Lakini picha ya mtoto yenye maneno "watoto wa wafungwa" itakaa kwenye simu za watu miaka kumi. Siku anaomba kazi, siku anachumbia, picha ipo. Bwana amesema katika Mathayo 6:3 kwamba mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, sembuse kundi lenye watu 250.

d) Usimtaje kanisani. Tangazo liseme "watoto wenye uhitaji," basi. Wahusika wawe wachache: mlezi, mweka hazina, mtu mmoja wa kumfuatilia. Mweka hazina aandike kila senti na aisome kwa Jumuiya, bila jina la mtoto.

e) Usimdai shukrani. Asilazimishwe kuja kuimba, kutoa ushuhuda, kuandika barua ya asante. Yeye ni mwanafunzi kama wewe. Na kama si Mkatoliki, au kwao ni Waislamu, msaada ni ule ule. Msamaria hakumuuliza aliyejeruhiwa dini yake.

f) Kuwa rafiki. Mtakatifu Yohane Bosco, akiwa padre kijana huko Turin, aliingia magerezani na Mtakatifu Yosefu Cafasso, akawaona vijana wadogo wanaotoka na kurudi tena na tena. Akaona kwamba pengine wangekuwa na rafiki huko nje anayewajali, wasingerudi. Pesa ya Jumuiya inalipa viatu. Lakini kukaa naye dawati moja, kusoma naye hesabu jioni, kumtetea pesa inapopotea darasani, hiyo ni kazi yako wewe kijana, na haihitaji mchango.

7. "NA ALIYETENDEWA KOSA JE?"

Swali hili lazima litaulizwa, na ni halali. Labda kwenye Jumuiya hiyo hiyo kuna mama ambaye mwanawe aliuawa, au mzee aliyeibiwa ng'ombe wote. Anasikia mnachanga kwa ajili ya mtoto wa aliyemtendea. Moyo wake unasemaje?

Usimjibu haraka kwa aya ya Biblia. Nenda ukakae naye kwanza. Ukweli ni kwamba Jumuiya inayomkumbuka mtoto wa mfungwa na kumsahau aliyeumizwa imechechemea. Kama naye ana mtoto aliyekwama shule, mchango uwafikie wote wawili. Huruma si mkate mmoja ambao ukimpa huyu, yule analala njaa.

Lakini tukikaa naye, taratibu, tunaweza kumwambia pia ukweli wa pili: mtoto yule hakufanya. Wanafunzi walipomwona kipofu katika Yohane 9, walimuuliza Yesu nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa swali lenyewe, akamgeukia yule mtu akamponya. Kumlipia mtoto shule hakumsafishi baba wala hakuifuti hukumu ya mahakama. Tena wako walio mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa bado. Sisi si mahakama. Kazi tuliyopewa ni ile ya Mathayo 25: nilikuwa kifungoni, mlinijia. Na kumjia mfungwa hakuishii mlangoni mwa gereza na kipande cha sabuni. Kama anacholia ni mwanawe, basi njia fupi ya kumfikia inapita shuleni kwa mwanawe.

MASWALI YA KUJADILI (kwa TYCS, VIWAWA na Jumuiya)

1. Je, katika shule au mtaa wetu tumewahi kuitumia methali ya "mtoto wa nyoka" juu ya mtu? Tulimaanisha nini?

2. Soma tena Filemoni 1:18-19. Ni deni gani la mtoto mwingine tunaloweza kusema "niandikie mimi," na kwa muda gani?

3. Jumuiya yetu ina kaya ngapi? Pigeni hesabu halisi, na muamue kama mnaweza kumaliza kabla ya kuanza.

4. Nani kati yetu ametendewa kosa na bado hajatembelewa?

JAMBO LA KUFANYA WIKI HII

Usianzishe mfuko bado. Nenda kwa katekista au mwenyekiti wa Jumuiya, peke yako, muulize kwa sauti ya chini kama yupo mtoto anayekosa shule kwa sababu mzazi yuko ndani. Kisha umwombee kwa jina kila siku, yeye na mzazi wake, kwa Salamu Maria moja. Fedha itafuata.

TUSALI

Bwana Yesu, ulifungwa, ukahukumiwa, na bado ukamkumbuka Mama yako. Wakumbuke wazazi walio magerezani usiku huu wakiwawaza watoto wao. Wakumbuke watoto wanaoficha machozi darasani. Mponye kila aliyeumizwa na kosa la mwingine. Utuondolee midomoni neno linalohukumu asiye na hatia, na utupe mikono ya kulipa deni lisilo letu, kama wewe ulivyolipa letu. Mama Maria, Mtakatifu Yosefu, Mtakatifu Paulo mfungwa wa Kristo, mtuombee. Amina.